Nyonyo kwenye Mnyororo

Wazee wenzangu wakisimulia zama za Mjerumani huzungumzia vita, kodi na kiboko. Ukiniuliza mimi nitakutajia mnyororo, tena si ule wa wafungwa. Ni mnyororo wa baiskeli, umejaa tope jekundu la njia ya Mlali, mvua inanyesha, na mimi nimeuchuchumalia barazani kwa mtu huku nikiulaani.

Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na nilifanya kazi kwa Mjerumani mmoja aliyelima miti ya mpira chini ya milima, upande huu wa Mlali. Reli ilikuwa imeshafika Morogoro mjini, na bwana huyo hakupitisha siku nyingi bila kwenda stesheni kuulizia mizigo yake. Wazungu wenzake walipanda punda au walibebwa kwa machela. Yeye alijiona mjanja kuliko wote, akaagiza baiskeli kutoka Ulaya. Ilipofika alinichagua mimi niitunze, kwa sababu, alisema, nilikuwa na vidole vyembamba. Sikuomba kazi hiyo wala sikuipenda hata siku moja.

Kiangazi ilikuwa nafuu, maana vumbi unalifuta kwa kitambaa likaisha. Lakini masika ya kwetu hayana staha. Mvua ikishaanza kushuka kutoka Uluguru haikuulizi una safari gani, na udongo wa njia ile ukilowa unanata mpaka unakuvua viatu, kwa wale waliokuwa na viatu. Bwana alirudi kutoka mjini amelowa chepechepe, akanitupia baiskeli ukutani, akaingia ndani kunywa. Kazi yangu ilianzia hapo.

Niliipindua baiskeli miguu juu barazani. Kwanza nilichokoa tope katikati ya meno ya gurudumu kwa kijiti cha mwanzi, kisha nikausugua mnyororo pingili moja baada ya nyingine kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, mpaka maji meusi yakaacha kutiririka. Baada ya hapo nilizungusha kanyagio kinyumenyume huku nimeukamata mnyororo kwa kitambaa kikavu, maana ukiupaka mafuta ukiwa bado na maji, maji yanabaki ndani na kutu inakula pale pale usipopaona. Mwisho nilidondosha mafuta kwenye kila kiungo kwa unyoya wa kuku, kisha nikafuta yaliyozidi, kwa sababu mafuta yakibaki nje yanaokota mchanga. Asubuhi bwana alipanda, akapita kwenye dimbwi la kwanza, na kazi yangu yote ikasombwa na maji.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya cherehani, kutoka duka la Mhindi mjini. Yalikuwa mepesi mno, hayakudumu hata mpaka daraja la kwanza njiani. Siku moja mnyororo ulikatika mteremkoni, bwana akatua kifudifudi kwenye tope mbele ya wanawake waliokuwa wakitoka shamba. Wanawake walicheka. Yeye alirudi akiburura baiskeli, akanichapa kwa kiboko hapo hapo barazani, kwa kosa la mvua na la mafuta ya Mhindi. Mpaka leo sioni haya kusema kwamba nilitamani afe.

Kesho yake alikuja na kopo kutoka jikoni. Ndani mlikuwa na mafuta meupe, yameganda. Alikuwa na zizi la nguruwe nyuma ya nyumba, nami nilijua ni kitu gani kabla hajafungua mdomo.

"Mafuta ya Mhindi maji tu," alisema kwa Kiswahili chake kile cha kuvunja mawe. "Hii nguruwe. Mvua hapana weza toa. Wewe paka."

"Bwana, mimi Mwislamu," nilimwambia. "Nguruwe simshiki."

Alicheka. Ng'ambo ya shamba wafungwa wa boma walikuwa wanatengeneza barabara, wamefungwa shingoni kwa mnyororo mmoja, askari amesimama nyuma yao. Bwana alinyoosha kidole kwao.

"Mnyororo hii, au mnyororo ile. Wewe chagua."

Asiyejua mambo yetu ataona ni kitu kidogo, mtu anashika halafu ananawa. Sisi tulivyofundishwa, nguruwe akikugusa ukiwa na umajimaji, unaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo iwe kwa maji yenye udongo. Kufanya hivyo kila siku, katika masika, kwa ajili ya chombo cha mtu anayekuchapa! Halafu baba mkwe wangu alikuwa mwalimu. Alitoka pwani, akaoa Uluguru, na pale Mlali yeye ndiye aliyewasomesha watoto Kurani na ndiye aliyewasalisha watu. Aliniozesha binti yake kwa shingo upande, maana kwake mtu anayefanya kazi nyumbani kwa Mzungu alikuwa ameshaingiza mguu mmoja motoni. Alikuwa ananisubiri nikosee. Nikijulikana nimeshika nguruwe, mke wangu angechukuliwa, na hilo nililiogopa kuliko mnyororo wa boma.

Jioni nilimweleza mke wangu. Alinisikiliza huku anachambua mboga, wala hakuacha kuchambua.

"Hayo mafuta mazito si yapo?" aliniuliza. "Nyonyo imejaa hapo nyuma ya choo."

Alikaanga mbegu za nyonyo, wengine huiita mbarika, akazitwanga, akazichemsha na maji kwenye chungu, akaengua mafuta yaliyoelea juu. Ndivyo wanawake wa kwetu walivyoyatoa siku zote, ya kupaka nywele na ya kuwashia taa, na harufu yake kila mtu wa milimani anaijua tangu amezaliwa. Alinitilia kwenye kibuyu kidogo, akakiziba kwa gunzi.

Nyonyo ilitia fora. Ni mafuta mazito, yanavutika, na yakishaingia kwenye kiungo hayatoki upesi. Bwana alipita madimbwi yote mpaka mjini akarudi, mnyororo bado unateleza kimya. Kila siku nilichota nguruwe kidogo kwa kijiti cha mwanzi ili kopo lionekane linapungua, nikamtupia mbwa wake, na mbwa akanenepa. Bwana alijipigapiga kifua. Alidhani ni akili yake, nami nilimwacha adhani.

Mambo yangeishia hapo kama angekuwa mtu wa kufunga mdomo. Siku moja alinichukua mjini nikambebee mzigo, yeye juu ya baiskeli, mimi nyuma kwa miguu ndani ya tope. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imechelewa, ilisemekana maji yamejaa kwenye reli huko Ngerengere. Stesheni ilifurika watu waliojikinga mvua: wenye maduka, wapagazi, akina mama na vikapu vyao, na askari wa boma wawili. Bwana alimkuta Mjerumani mwenzake, wakaanza kuongea kikwao, anaonyesha mnyororo, mwenzake anainama kuutazama. Nikaona wanacheka. Kisha akatugeukia sisi, akapaza sauti, ili nasi tupate kufaidi.

"Huyu boi yangu Mwislamu," alisema, na akanishika bega. "Sala, sala, kila siku sala. Lakini kila siku yeye shika nguruwe yangu! Kwa mkono hii!" Akauinua mkono wangu juu watu wauone.

Hakuna aliyecheka. Kati ya watu wale, nguzo ya pili kutoka mlangoni, alikuwa amesimama baba mkwe wangu na kanzu yake nyeupe, amekuja kumpokea mgeni kutoka pwani. Alikuwa ananitazama mimi, si Mjerumani.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limenijaa kinywani. Lakini kusema ni nyonyo mbele ya bwana ni kusema nimeidharau amri yake na nimemlisha mbwa wake kopo zima, na askari walikuwa hapo hapo, na mnyororo ule mwingine haukuwa mbali. Mkono wangu ukabaki juu mpaka alipochoka kuushika. Sijawahi kumchukia mtu namna ile.

Alipoingia ofisini kuulizia mizigo, niliisukuma baiskeli upesi mpaka kwa mkwe wangu. Watu walinipisha kama nina ndui.

"Shikamoo baba," nilisema. Hakuitikia. "Baba, yule anasema uongo na mwenyewe hajui. Hii ni nyonyo. Mwanao ameikamua kwa mkono wake. Inama unuse, baba, uhakikishe mwenyewe."

Mnyororo ulikuwa karibu na goti lake. Alikusanya kanzu yake kwa mikono miwili, akarudi nyuma.

"Usinisogelee," alisema. Akaenda kusimama nguzo nyingine, na waliokuwa karibu naye wakamfuata.

Nilirudi na mzigo kichwani, mvua ikinipiga usoni, nikiwatukana wote wawili kimoyomoyo, Mjerumani na mwalimu. Mjerumani nilimjua ni adui. Huyu mwingine nilikuwa namwita baba, na kitu alichotakiwa kufanya kilikuwa kuinama tu.

Kesho yake baada ya alasiri mkwe wangu alikuja nyumbani. Mvua ilikuwa inanyesha lakini alikataa kuingia, akasimama uani chini ya maji, kanzu imemganda mwilini. Mke wangu alitoka mpaka kizingitini. Mimi nilisimama nyuma yake.

"Funga vitu vyako," alimwambia bintiye. "Talaka yako nitaidai mimi mwenyewe."

"Kwa kosa gani, baba?"

"Mumeo anashika nguruwe. Mji mzima umesikia."

"Hajashika. Mafuta nimekamua mimi, nyonyo, kwenye chungu hiki hiki ninachopikia. Kama ni najisi, basi mimi ndiye wa kwanza."

Mzee alijifuta maji usoni, akanitazama, akamtazama tena binti yake.

"Najua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri kwa ajili ya mvua. Lakini aliendelea, tena kwa upole, kama anayemweleza mtoto somo.

"Najua ni nyonyo. Harufu ilinifikia pale pale stesheni, kabla hajamaliza kusema. Mimi nina pua. Lakini wale watu walisikia nguruwe, na Ijumaa ni mimi ninayesimama mbele yao. Nitawaambia nini? Nikuache katika nyumba hii, waseme mwalimu anakula kwa mtu wa nguruwe? Funga vitu vyako, mwanangu."

Nilitaka kutoka nimrukie, mzee mtu mzima, baba wa mke wangu, mwalimu wa watu. Mke wangu alininyooshea mkono kunizuia bila ya kugeuka. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Haya baba," alisema. "Nenda kawaambie hao watu hivyo hivyo ulivyotuambia sisi, kwamba ulikuwa unajua. Ukishawaambia, mimi nitafunga vitu vyangu na nitakufuata."

Mzee akageuka, mvua inamwagika kwenye ndevu zake, akashika njia ya kwake.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawaona Wajerumani wakiondoka na Waingereza wakiingia, na kila Ijumaa alisimama mbele ya watu wale wale. Hakuwaambia. Na mke wangu hakufunga vitu vyake.