Dhambi Niliyoazima

Mihogo iliyolowa siku nne kijitoni inanuka kama kitu kilichokufa, na bado ukiinusa ukiwa na njaa mate yanakutoka. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Kwetu, upande wa Wamaza, kila mwanamke alikuwa na kidimbwi chake pembeni mwa kijito, amekizungushia mawe, na humo mihogo yake inalainika ikingoja kuanikwa na kutwangwa. Vidimbwi hivyo havikuwa na mlinzi. Mtu yeyote angeweza kupita, akainama, akabeba, lakini hatukuinama, kwa sababu chakula cha mtu kikiwa majini ni kama mimba yake, hakiguswi. Mwizi wa mbuzi alipigwa, kisha yakaisha. Mwizi wa mihogo ya majini aliitwa hivyo mpaka kaburini. Nayasema haya kwanza ili ujue uzito wa maneno niliyoyatamka kanisani nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu akiwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu.

Baba alikuwa mwalimu wa kanisa letu la kijijini. Mchungaji mwenyewe alikaa mjini Kasongo, akitufikia kwa baiskeli mara mbili kwa mwaka. Baba ndiye aliyegonga kila asubuhi ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, baba ndiye aliyeziba paa la nyasi la kanisa kabla ya kuziba la nyumba yake. Mimi nilizaliwa Alhamisi, na Jumapili nikawa kanisani mgongoni mwa shangazi. Nimekulia chini ya mabenchi yale. Nilijua nyimbo kabla sijajua kufunga kanga. Kwa hiyo nilipoingia darasa la ubatizo niliona kama naenda kuchukua kitu changu mwenyewe, wala sikujua kuna mtu atanisimamisha mlangoni.

Aliyenisimamisha ni Mzee Lazaro, mzee wa kanisa aliyefundisha darasa lile. Kila mmoja wetu alipaswa kusimama Jumapili aeleze siku aliyookoka, na kabla ya siku hiyo alikuwa nani. Wenzangu walikuwa na utajiri! Mmoja alikuwa mtoto wa mganga, alibeba mkoba wa dawa za babake mpaka siku aliyoutupa motoni. Mama mmoja alipika pombe kali miaka kumi. Mwingine alikuwa na wake wawili na ngumi za kuwatosha wote. Walipoeleza, watu walilia. Zamu yangu ilipofika, Mzee Lazaro akauliza, "Na weye, mutoto ya mwalimu, Bwana alikutosha wapi, alikutoa katika kitu gani?" Nikamjibu, "Nyumbani." Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. "Mutu mwenye kuokoka anaokoka kwa kitu," akasema. "Hakuna kitu, hakuna wokovu. Enda utafute. Jumapili ukikosa, utangojea mwaka mwingine na watoto wadogo." Nilifikiri habari ya baba kusimama mbele ya watu huku binti yake akirudishwa kama mbegu mbovu, na kweli nikaenda kutafuta.

Usicheke. Wiki nzima nilitafuta dhambi kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba. Niliramba chumvi ya mama bila ruhusa, lakini nani atalia kwa sababu ya chumvi? Nilimtukana kaka yangu, naye akanitukana vizuri zaidi. Basi siku ya Ijumaa tukasikia kelele kijitoni. Alikuwa Mama Feza, mjane aliyeishi peke yake mwisho wa kijiji, mwenye ulimi wa kuchuna ngozi. Kidimbwi chake kilikuwa kimeachwa mawe na povu. "Aliyekula mihogo yangu, tumbo limuvimbe mpaka wamuulize ni mapacha!" alipiga kelele, na vilima vikamrudishia sauti. Siku mbili zilipita, hakuna aliyejitokeza. Nami nikaona hiyo ni dhambi kubwa, ya kutisha, na haina mwenyewe. Nikaichukua.

Jumapili nilisimama, nikasema mimi ndiye niliyeiba, na kwamba usingizi ulinikimbia mpaka Bwana aliponigusa. Nilieleza vizuri. Nililia machozi ya kweli, sijui yalitoka wapi. Watu wakaimba, Mzee Lazaro akainua mikono, na kwa muda wa wimbo mmoja nilikuwa mtu mkubwa. Kisha nikamwona baba. Alikuwa anatazama miguu yake. Mama, ambaye sauti yake ndiyo iliyobeba kanisa lile, alikuwa amefunga mdomo. Wimbo ulipokwisha Mzee Lazaro akakumbusha habari za Zakayo, jinsi alivyorudisha alichonyang'anya. Mimi sikuwa na shamba wala kuku, nilikuwa na mikono. Ikaamuliwa nimtumikie Mama Feza katika mpunga wake mpaka auvune, ndipo nibatizwe Pasaka.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuilima wao. Yangu ilikuwa na urefu wa shamba la mpunga, kutoka magugu ya kwanza mpaka suke la mwisho. Nilifukuza ndege tangu jua linachomoza, nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka kama ya jogoo mgonjwa. Majani ya mpunga yanakata vidole, na jasho likiingia humo unayajua majina ya nyota mchana. Watoto wenzangu walipopita waliniimbia, "Mwizi ya mihogo, tumbo iko wapi?" Hayo niliyavumilia. Nisiloweza kulivumilia lilikuwa la nyumbani. Mama hakunipiga wala hakunikemea. Aliacha tu kunituma kwa majirani kuomba moto, na kapu la unga likahama kutoka pembeni mwa jiko likaenda chini ya kitanda chake. Baba kila asubuhi aliwaombea watoto wake kwa majina, na akifika kwangu alikohoa kidogo kwanza. Mara nyingi nilifungua mdomo kusema ukweli, nikaufunga. Ningekuwa nani? Si mwizi aliyeokoka, si mtoto mwema wa mwalimu, na mwaka umepotea.

Siku tuliyobeba mafungu ya mwisho, Mama Feza alikaa chini, akanyoosha miguu, akanitazama. "Tabu," akasema, maana hilo ndilo jina langu, "mihogo yangu hukuiiba."

Nikauweka mundu chini.

"Mwizi yangu alibeba kapu nzima ya mihogo yenye kulowa. Weye ndoo ya maji inakuangusha. Nilijua toka siku ile ile."

"Sasa mama, mbona ulininyamazia?"

"Mugongo yangu iko nauma! Nilikuwa naomba Mungu anitumie mikono. Akatuma mikono ya mwongo. Ningesema hapana?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. Alisema mpunga wake sasa uko nyumbani, hana haja nami tena, na mwizi wake anamjua. Mwizi huyo ana watoto watano na mume amemwacha, basi acha wale tu. "Lakini kesho kutwa unaingia katika maji. Usiingie na uongo yako pamoja na yangu. Maji ni kidogo."

Pasaka hiyo tulisimama ukingoni, tumefungwa vitambaa vyeupe, mchungaji wa Kasongo maji yamemfika kiunoni. Jina langu lilipoitwa nilisema, kwa sauti iliyobaki baada ya ndege wote wale, kwamba sikuiba. Mzee Lazaro akaniuliza, "Kwa hiyo ulidanganya mbele ya Mungu?" Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Mzee, mulitaka niseme pahali nilitoka. Na mimi sijaenda pahali." Mchungaji alinitazama sana, tena kwa huruma, lakini alitikisa kichwa: mwongo angoje mwaka. Nikapanda ukingo nikiwa mkavu mbele ya kijiji kizima. Baba alivua koti pekee alilokuwa nalo akanifunika, na mkono wake ukakaa begani mwangu mpaka ibada ikaisha. Mama alingoja tufike nyumbani. "Ungesema tu!" akafoka, machozi yanamtoka. "Miezi yote hii nimelalia unga, na panya wameumaliza!"

Mwaka uliofuata nilibatizwa. Hakuna aliyeniuliza nilitoka wapi. Na wale wenzangu wa darasa waliokuwa na shuhuda nzuri, mimi nimeishi kuona mwisho wao. Mwenye wake wawili alifika wanne. Mtoto wa mganga alirudi kwenye mkoba. Mama wa pombe ndiye aliyebaki, tumemzika akiwa mwaminifu. Siwasemi vibaya, mzigo wa mtu anaujua mbebaji. Nasema tu kwamba kutoka ni siku moja, na kubaki ni kila siku, na kubaki kunachosha. Nimebaki wakati wa kukimbia vita, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Nimebaki nikizika wawili niliowazaa. Kuna asubuhi ambazo sala yangu yote ni "Bwana, mimi huyu," kisha nawasha moto.

Sasa nakaa Kasongo kwa mwanangu. Mjukuu wangu Neema anamaliza sekondari mwaka huu, wa kwanza darasani, na ukikutana nami sokoni nitakuambia hata kama hukuuliza. Mimi niliishia darasa la nne. Kanisa lake lina vipaza sauti vikubwa kama makabati, na vijana hushika kipaza sauti kueleza makuu: huyu alilala na nyoka, huyu alishuka kuzimu akarudi. Zamani walitutaka dhambi, na ukiileta walikupa jembe. Siku hizi wanataka maajabu, na ukiyaleta wanakupigia makofi. Jembe lilikuwa bora. Lilinipa muda wa kufikiri.

Mwezi uliopita Neema alikuja jikoni amenuna. Jumapili ilikuwa zamu yake ya kushuhudia. "Koko," akaniambia, ndivyo wajukuu wanavyotuita sisi bibi zao, "nitasema nini? Sijawahi kuwa hata na pepo moja." Nilimsimulia haya niliyoyaandika hapa. Alicheka habari ya panya.

Jumapili alisimama. Alisema, "Nimezaliwa humu, nimekulia humu, naomba Mungu nibaki humu." Basi. Kiongozi alingoja kidogo kama mtu anayetazama chungu akidhani kuna nyama chini, akasema "Amina" ndogo, akamwita mwingine. Makofi hayakupigwa. Neema akarudi, akakaa karibu nami, akaninong'oneza, "Koko, ilitosha?"

Miaka yote hii nami nauliza swali hilo hilo. Nilimwambia asogee kidogo, benchi ni fupi, na ibada ingali ndefu.