Aliyeonja Chini ya Udongo

Wanaonijua hapa Birere, mjini Goma, wanajua kwamba mimi si mtu wa kusimulia uchawi. Nina daftari, ninachokiona nakiandika, nisichokiona nakiacha. Hili nililiona, na pua yangu bado inalikumbuka.

Nilikuwa nakusanya habari za nyumba kuukuu zilizoachwa na wakoloni pembeni ya msitu wa serikali, upande wa Rutshuru. Nilikwenda kwa pikipiki na Kambale, motari wangu wa siku zote, kijana mcheshi mwenye njaa isiyoisha. Tulipita Kalengera, tukaacha barabara kubwa, tukafika kwenye jengo refu la matofali ambamo Wabeleji walikuwa wakikausha kahawa. Mabati karibu yote yameibwa, miti imeota ndani. Ilikuwa saa tisa mchana. Niliiandika.

Mvua ikatushika. Tukakimbilia pembe moja iliyobaki na paa, na hapo tukamkuta mama mmoja amechuchumaa. Hatua mbili kutoka kwake, nje ya ukuta uliobomoka, tanuru yake ya makala, makaa ya kupikia, ilikuwa ikifuka: miti iliyopangwa na kufunikwa majani na udongo, iungue polepole. Kukata miti kule kumekatazwa, kwa hiyo nilidhani anajificha tu. Lakini ile harufu! Makala yananuka mafuta tangu lini? Ilikuwa kama kwato zinazochomwa, ikanata kooni kama makohozi.

"Karibuni, batoto yangu," alisema, akaepua sufuria ya viazi na nyama kwenye babula, jiko dogo la makala. Mikono yake ilikuwa na mafuta meusi hadi viwikoni.

Kwetu, anayekupa chakula anaonja kwanza mbele yako. Watu wanaogopa sumu, na hakuna anayekasirika akiombwa.

"Mama, onja basi," nikasema.

"Miye sionjake. Papa wa batoto ndiye anaonjaka."

"Iko wapi?" Kambale akacheka. "Afanye mbio, mama! Tumbo yangu inapiga kelele kuliko pikipiki!"

Mama hakucheka. Alichukua kipande cha nyama, akaenda kwenye tanuru, akatoboa udongo kwa kidole, akakisukuma ndani. Tukasikia kutafuna. Niamini: kutafuna kwa taratibu, mdomo wazi, mate yakilia. Kisha ulimi wa kijivu, umepakaa majivu na mafuta, ukatoka katika tundu lile na kukilamba kidole chake mpaka kikawa safi.

"Anasema ni tamu," akasema mama.

Kambale hakuuona ulimi. Alikuwa ameinamia sufuria. Alisikia mtu anatafuna, akadhani mume amejikinga mvua nyuma ya tanuru, na kwake hilo lilitosha.

"Yaya, imeonjwa," akaniambia mimi mkubwa wake, mdomo umejaa.

Nilimvuta shati, lakini alikuwa ameshameza. Nilimburuta hadi kwenye pikipiki, mvua ikitupiga. Nilipogeuka, lile lundo la udongo lilikuwa likipanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyeshiba.

Tulipofika Kalengera nilimlazimisha atapike. Ulitoka uji mweusi, na ndani yake jino. Nilimfunua midomo nikahesabu: halikuwa lake.

Kambale yupo, anaendesha hapa Goma. Lakini amekonda, na kila wakati wa kula anasukuma tonge la kwanza ndani ya majivu ya babula, anainamisha sikio, anangoja. Asiposikia kitu, anainuka na njaa, hata watoto wake wakimlilia ale. Mke wake alidhani ni wazimu. Juzi alinipigia simu huku akitapika: safari hii hata yeye alisikia kutafuna.

Kwa hiyo wewe unayepita kule, mtazame mwenyeji mdomoni akionja. Akikwambia kuna mwingine wa kumwonjea, kimbia na njaa yako. Na usijidanganye kwamba uko mbali. Makala ya msitu ule yanashuka mjini kwa magunia kila siku. Kabla hujawasha babula yako leo, yanuse kwanza.