Nalema

Mbuke hakuanza ukali uzeeni. Alimkataa mchumba mwenye ng'ombe wengi, akakataa kuhama mumewe alipofariki, na watu wa upande ule wa Kharumwa walizoea kumsikia akisema "Nalema", yaani nakataa kwa Kisukuma, kabla hujamaliza kuuliza. Nyuma ya nyumba yake lipo pango linalotoa maji kiangazi kizima. Anakunywa yeye, wanakunywa ndama wake.

Siku moja akaja kijana wa chuo kikuu, Januari, kavaa taa kichwani mchana kweupe.

"Shikamoo, mayu," akaamkia; hilo mayu, mama, ndilo neno pekee la Kisukuma alilolijua. "Pango hili linaitwaje?"

Mbuke aliwajua wenye taa kichwani: wanatafuta dhahabu. "Nalema!" akajibu, akaendelea kutwanga.

"Asante sana," akasema Januari, akaandika. Mbuke alipokwenda gulioni, yule akaingia pangoni.

Mwaka uliofuata alirudi akichekacheka, akasimika kibao mlangoni mwa pango. Alikuwa amepata mle kidudu kisichowahi kujulikana duniani: kidogo kama punje ya ulezi, kina magando ya nge lakini hakina mkia wala macho.

"Tumekipa jina la pango lako, mayu. Nalema."

Mbuke akaacha kinu. "Mpumbavu wee! Nilikukatalia, wewe ukaandika? Dunia nzima imwite mdudu Nakataa? Futa!"

"Jina likishatangazwa vitabuni halifutiki, mayu."

Alimfukuza kwa mchi mpaka barabarani.

Hasira hiyo haijapoa, akatokea Donatus, mwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu, ng'ambo ya mto, na vijana wake na baruti.

"Bibi, tunalipua hapa. Nimeuliza kijijini, hakuna aliyekataa."

"Hakuna?" Mbuke alimsogelea. Maji yake yafukiwe, ndama wafe, eti kwa kuwa watu wana nta masikioni! "Shule ulikwenda? Soma kibao hicho. Kwa sauti!"

Donatus, mtu wa kuja asiyejua Kisukuma, akasoma: "Pango la Nalema."

"Rudia!"

"Nalema."

Vijana, Wasukuma watupu, wakaangua kicheko.

"Bosi, amekataa," alisema Mayala, akitua mzigo wa baruti. "Amekataa mpaka kwenye vitabu vya Wazungu! Mimi humo siingii."

Wenzake nao wakatua. Donatus akabaki anatukana peke yake, kisha akawasha pikipiki.

Mbuke hakucheka. Alifuta vumbi la kibao kwa upindo wa khanga, akaokota jiwe, akakigongomea kizame zaidi.

"Na huyo Januari naye akanyage tena hapa," akafoka. "Nitamsomesha."