Kibuyu Kitupu

Mganga wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, kule Ngara, alitundika vibuyu ukutani, kimoja kwa kila kitongoji. Mgonjwa akishatibiwa, alitia punje ya mahindi katika kibuyu cha kwao. Kibuyu kilichojaa upesi kilimwonyesha mganga wapi maji yameharibika au homa imezidi, naye alikwenda huko.

Wakati wa vita, kibuyu cha kitongoji chetu cha mlimani kilikaa kitupu. Mkutanoni mwenyekiti akatusifu kwa afya njema, watu wakatupigia makofi. Nikasimama kwa hasira.

“Afya gani, mzee? Wanaume wetu wako vitani. Nani atambeba mgonjwa? Mama yangu amelala na homa tangu juzi!”

Kwetu machela ilikuwa kazi ya wanaume, mwanamke hakuigusa.

Mganga hakungoja mkutano uishe. Alichukua mkoba wa dawa, akapanda mlima nami, akamchoma mama sindano, kisha akatuita wanawake. “Kesho mnamshusha wenyewe,” akasema. Tukamshusha, tukipokezana mabegani, na wazee tuliowapita njiani wakanuna.

Tangu hapo kibuyu chetu kikaanza kujaa. Mwenyekiti akasikitika kwamba ugonjwa umeongezeka mlimani. Mganga alicheka tu. Namshukuru mpaka leo, maana ile punje ya kwanza aliitia mama, kwa mkono wake mwenyewe.