Kosa la Ukurasa wa Pili

Nikisikia mtu anasema "yameisha" huwa nataka kumuuliza yameisha kwa nani. Kwangu hayajaisha, na kwa mwenzangu niliyekuwa nakaa naye meza moja ndiyo kwanza yanaendelea.

Ofisi yetu iko Kibamba, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yetu ni kukodisha mashine pepe. Mteja analipia kompyuta asiyoiona. Ndani ya kompyuta moja kubwa tuliyonayo tunamtengenezea yake ya bandia, yenye diski ya bandia na kadi ya mtandao ya bandia, na yeye anaitumia akidhani kuna chuma chake mahali. Shule wanayo, maduka ya dawa wanayo, na zahanati moja ya upande wa Gongo la Mboto imeweka humo mafaili ya wagonjwa wake wote. Diski ile ya bandia ni programu aliyoiandika bosi mwenyewe, enzi ofisi ina meza moja tu. Anaipenda kama watu wanavyolipenda gari lao la kwanza. Kila mgeni anayepanda ngazi zile husimuliwa habari zake kabla hajaonyeshwa kiti.

Mwenzangu ndiye aliyekuwa anaiangalia mashine ya zahanati. Ni binti wa Temeke, kwao ni watu wa pwani tangu na tangu, anaongea haraka na kufanya kazi taratibu, na sijaona mtu mwenye subira ya kusoma programu ya mwenzake kama yeye. Wiki moja alifanya maboresho ambayo bosi mwenyewe aliyaagiza: aliwasha ulinzi mpya unaozuia vifaa vya bandia kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyovihusu. Haukupita muda, nesi wa zahanati akapiga simu huku anacheka. Mzee wa tezi dume ameandikiwa kwamba mimba yake inaendelea vizuri, arudi kliniki mwezi ujao. Ofisi nzima tulicheka. Nesi alipopiga tena hakuna aliyecheka, maana mgonjwa wa kisukari alikuwa amepachikwa dozi ya mtu mwingine, na nesi alishtuka dawa ikiwa tayari dirishani.

Pale ofisini aliyegusa mwisho ndiye aliyevunja. Bosi hakufungua hata mstari mmoja wa programu yake kuangalia. Alimsimamisha mwenzangu mbele yetu akamsomea yote: hana umakini, anachapa ovyo, akili yake iko kwenye simu. Mwenzangu alirudia jambo moja tu, kwamba faili linaanza vizuri kisha katikati linageuka la mtu mwingine, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukosea vile vile kila mara. Akaambiwa anabisha. Ijumaa hiyo alifungasha vitu vyake akaondoka. Ulinzi ukazimwa, mafaili yakatulia, na huko kutulia kukahesabiwa kuwa ushahidi.

Mashine yake nikakabidhiwa mimi. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haina kelele. Huwa inakaa na kazi mpaka iishe. Nilitengeneza nakala ya mashine ya zahanati, nikaijaza wagonjwa wa kubuni, nikawasha ulinzi ule ule. Hakuna kilichoharibika. Nikazima, nikawasha, nikajaribu tena, kila kitu safi. Bosi akipita nyuma ya kiti changu ananiuliza kwa upole wa kuudhi kama bado natafuta mchawi. Siku niliyochoka kuwasha na kuzima, niliiacha nakala ile ifanye kazi bila kupumzika, naendelea na mambo mengine. Wiki ilipokuwa inakwisha, mgonjwa wangu mmoja wa kubuni akageuka mwingine katikati ya faili, kama mwenzangu alivyosema.

Hitilafu yenyewe naweza kuieleza kwa nyumba za mtaani kwetu. Viwanja vya huku viliuzwa vipande vipande, kila mtu kwa wakati wake, kwa hiyo nyumba inayofuata kwa namba si lazima iwe ubavuni. Inaweza kuwa ng'ambo ya korongo. Kumbukumbu ya mashine pepe iko hivyo hivyo. Imekatwa kurasa kurasa, na kurasa mbili zinazofuatana kwa hesabu ya mteja zinaweza kuwa mbalimbali kabisa ndani ya chuma halisi. Ulinzi ukiwa umewashwa, kila kifaa kinatakiwa kuuliza anwani hii iko wapi hasa kabla ya kwenda. Diski ya bosi ilikuwa inauliza, tena kwa adabu, kwenye ukurasa wa kwanza. Faili lilipozidi ukurasa mmoja, haikuuliza tena. Iliingia tu nyumba ya jirani bila hodi, ikachukua ilichokikuta na kukiandika kama mwendelezo wa mgonjwa yule yule. Mashine ikiwa imewashwa karibuni kurasa hukaa pamoja kwa bahati, ndiyo maana majaribio yote yalipita. Ikishafanya kazi kwa muda, zinatawanyika. Na kabla ya ulinzi kuwashwa diski ilipewa anwani halisi ya kila ukurasa, hapakuwa na cha kuuliza, kosa likabaki limelala miaka yote hiyo huku mwenye nalo akipongezwa.

Marekebisho yalikuwa mistari michache: ukifika mwisho wa ukurasa, uliza tena. Kwenye maelezo yake niliandika wazi kwamba hitilafu ilikuwamo tangu diski ilipoandikwa, na kwamba maboresho ya mwenzangu hayakuwa na kasoro. Bosi alisoma akiwa amesimama. Akasema kazi nzuri, akayapokea marekebisho. Nilipofungua baadaye nilikuta maelezo yangu yamefutwa na pameandikwa "maboresho ya kawaida".

Nilimfuata. Nilimwambia kwamba yule dada kila anakofanya usaili wanapiga simu hapa kuulizia, kisha wananyamaza, na anachohitaji ni kitu kimoja: ofisi iseme kosa halikuwa lake. Bosi akakubali kwamba jambo lile lazima liwekwe sawa, ila liwekwe sawa kiutu uzima, kwa kwenda nyumbani kwao. Nilifurahi. Nilidhani anakwenda kusema.

Tulikwenda Temeke Jumapili mchana, bosi, mhasibu na mimi, na sukari, mchele na katoni ya soda. Baba yake mwenzangu alishafariki, kwa hiyo aliyetupokea ni baba yake mdogo, mzee mkimya mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Tukamwamkia shikamoo, tukaulizwa habari za huko Kibamba, za kazi, za mvua, tukaletewa pilau, na mwenzangu akakaa karibu na mlango, mtandio kichwani, akimtazama bosi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Tuliponawa mikono bosi akakohoa.

"Mzee, watu wakifanya kazi pamoja hawakosi kukwaruzana," alisema. "Kama kuna mahali tulimkosea binti yetu, tunaomba atusamehe. Na sisi kwa upande wetu hatuna kinyongo naye."

Nikangoja aendelee. Alikuwa amemaliza, na mhasibu alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nikaingilia, ingawa mahali pale mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote waliokuja.

"Baba, yeye hakukosea kitu. Kosa lilikuwa kwenye programu yetu, nimeliona mwenyewe."

Mzee aliniangalia bila ukali wowote, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Mwanangu, mtu kaja mpaka kwangu kaomba radhi. Nikimwambia ataje kosa lake mbele ya chakula changu, nitakuwa namvua nguo. Sie hatufanyi hivyo. Yameisha."

Akamgeukia mwenzangu, akamuuliza kama amesamehe. Kwa mtoto aliyelelewa pale jibu lilikuwa moja, akalitoa. Kisha ikasomwa dua, sote tukaitikia amina. Nilielewa wakati huo kwamba bosi hakuwa mjinga hata kidogo. Alijua kwenye heshima ya wale watu kuna chumba ambacho jambo likishaingia halitoki, na alikuja kulifungia humo, na mimi ndiye niliyemsukuma aje.

Mwenzangu alinisindikiza mpaka barabarani wakati bosi na mhasibu wanageuza gari. Nikamwambia yote haraka haraka. Hakuhitaji mfano wa nyumba wala korongo.

"Ilikuwa inatafsiri anwani ya ukurasa wa kwanza tu?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Alicheka kidogo, kisha akaanza kulia huku bado anacheka.

"Mie nilishaanza kuamini ni mimi," alisema. "Nilikuwaga nakaa nayarudia niliyoyachapa, moja moja, natafuta nilipokosea. Asante, mwenzangu. Angalau nimejua."

Gari likapiga honi. Alijifuta kwa ncha ya mtandio, akampungia bosi mkono.

Sikutosheka na hiyo angalau. Wiki zilizofuata nilimkumbusha bosi mara nyingi kiasi kwamba akaanza kunikwepa kwenye ngazi, na kila mara jibu lilikuwa kwamba hayo tuliyamaliza kwa mzee, nisiyafukue. Halafu asubuhi moja mwenzangu akanipigia, sauti ina uhai. Kuna kampuni Kinondoni imempenda kwenye usaili. Wamemwambia kilichobaki ni kupiga simu alikotoka.

Walipiga siku hiyo hiyo. Bosi alikuwa amesimama kwenye meza ya mhasibu, akaweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na mahindi ya kuchoma. Nilimsikia akiulizwa habari za mwenzangu, na nikamsikia akijibu kwa sauti ya mtu mwema.

"Ni binti mzuri, ana heshima. Yalitokea makosa hapa katikati, lakini tulikwenda mpaka kwao, tukamaliza kifamilia. Tulishamsamehe."

Sauti ya upande wa pili ikashukuru, ikasema imeelewa. Nilimwambia bosi pale pale, mbele ya mhasibu, kwamba sisi ndio tulioomba radhi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa anaigiza, akauliza kwani kuna tofauti gani, si tulisameheana wote. Nikamtazama mhasibu, ambaye alikuwapo na alikula lile pilau. Alikuwa anahesabu karatasi zake.

Jioni mwenzangu aliniandikia kuuliza kama wale watu walipiga. Nikamjibu walipiga. Akauliza bosi kasemaje. Nikamwandikia neno kwa neno, maana ni haki yake kujua kwamba amesamehewa.