Pembe ya Ambrose Raistrick

Ambrose Raistrick alifuga kondoo miaka hamsini na miwili kwenye vilima vya Skelbeck, na miaka yote hiyo hakuwahi kutia mguu ndani ya makumbusho ya abasia, ile nyumba ya kale ya watawa. Magofu yenyewe aliyajua vizuri. Kondoo wake walijikinga upepo kwenye kuta zile zisizo na paa, na mawe ya zizi lake yalitoka hukohuko, kama ya mazizi yetu sote. Lakini makumbusho tuliyaona ni mambo ya wageni.

Mkewe, Nora, alifariki Februari. Septemba akauza kondoo, magoti yalikuwa yamekataa. Oktoba tukaanza kumwona akiteremka na fimbo yake kila Alhamisi kwenda makumbusho. Mimi ndiye mwenye duka hapa kijijini, na nilipomuuliza anafuata nini kule, alisema kuna joto na hakuna anayemuuliza anaendeleaje.

Mle ndani alipita polepole mbele ya kitanda cha majani makavu, bakuli la mti, viatu vilivyoliwa na udongo. Ukutani palikuwa na ratiba ya watawa: kuamka kabla ya alfajiri, sala, kazi, sala tena, kula bila kusema neno. Ambrose aliisoma mara mbili. Wiki ile alikuwa hajazungumza na kiumbe isipokuwa mbwa wake. Alijiuliza wale watu walichukua muda gani kuzoea, na kama kuna aliyeshindwa.

Alhamisi ya tatu alisimama mbele ya kabati la kioo. Kando ya kalamu za manyoya ya bata bukini palikuwa na pembe ya ng'ombe, imeandikwa: pembe ya wino ya mtawa mwandishi. Ambrose akacheka peke yake, mpaka mhifadhi, mwanamke wa mjini aitwaye Imogen Sallis, akaja kuangalia kuna nini.

"Hiyo si ya wino, binti yangu," Ambrose akamwambia. "Ni ya lami."

"Lami ya barabara?"

"Ya msonobari. Ukimnyoa kondoo ukamkata, unampaka palepale, inzi wasitage. Tazama mdomo ulivyo mpana, kijiti kinaingia. Na huo uchafu mweusi ndani, wino gani unaganda nene hivyo?"

"Wataalamu watatu wameiangalia hiyo, mzee."

"Na wangapi kati yao wamewahi kunyoa kondoo?"

Imogen hakuudhika. Alimwomba kama ana nyingine ailete wailinganishe. Ambrose alikuwa nayo, ya babu yake, ila hakukumbuka iliko. Aliipekua ghala siku mbili. Mwisho aliikuta ndani ya nyumba, kwenye kikapu cha ushonaji cha Nora, imejaa vifungo. Akavimwaga mezani. Vyote vilikuwa vya mashati na makoti yake mwenyewe, ya tangu walipooana, na Nora hakutupa hata kimoja. Alikaa navyo hadi chai ikapoa.

Pembe mbili zikawekwa pamoja, zikafanana kama ndugu. Imogen alikwangua kidogo ule uchafu wa ile ya zamani, akaupeleka ukapimwe. Majibu yalikuja Machi: lami na mafuta ya kondoo. Kibandiko kikabadilishwa. Sasa kinasema ni pembe ya lami ya bruda mchunga kondoo, na chini yake: imetambuliwa na A. Raistrick, mfugaji, Skelbeck.

Siku aliyokiona, Ambrose alipanda kilima haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Alifungua mlango wa jikoni, akasema kwa sauti, "Nora, wameandika jina langu." Ndipo akakumbuka.

Alinisimulia haya kesho yake, macho yakiwa kwenye rafu ya mikate. Nilimfungia mkate wake, naye hakuupokea, akabaki amesimama.

"Wewe umeshaingia kule?" akauliza.

Nikamwambia sijawahi.

"Basi twende Alhamisi. Kama una nafasi."

Nilifunga duka saa za mchana, jambo nisilolifanya. Hapakuwa na mtu mwingine mle ndani. Ambrose alivua kofia, akaweka kidole juu ya kioo, akanisomea kibandiko chote neno kwa neno. Kusoma najua, lakini nilimwacha asome.