Dada Alivyotolewa Kundini

Mume wangu ni kinyozi, tena ni admini wa kundi la siasa la mtaa wetu kwenye simu. Ukinyozi unatulisha. Uadmini unatutoa roho. Nasema hivi nikiwa na hasira, na asije mtu kuniambia nipoe.

Katika kundi lile unasema lolote kuhusu chama chochote. Sema diwani kala hela za mtaro, sema wapinzani wake ni wababaishaji, utajibiwa tu. Ila ukimtukana mtu au watu wa nyumbani kwake, unatolewa. Na mume wangu hamtoi mtu kimyakimya. Humwendea kwake, akamweleza kosa lake usoni, kisha akabonyeza simu mbele yake. Ukimwomba radhi uliyemtukana, ana kwa ana, unarudishwa. Kuna waliomfukuza mlangoni kwa maji machafu, na bado hajaacha.

Sasa njoo kwa wifi yangu. Ndiye dada pekee wa mume wangu, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Aliacha shule kwa ajili yake. Anauza vitambaa, mdomo anao, na chama chake, kile cha diwani, usikiguse. Akija kwangu lazima afunue sufuria aulize kama nimepika au nimeunguza, nami namwambia akapike kwake. Nampenda yule mwanamke.

Siku moja mwalimu mstaafu wa hapa mtaani aliandika kundini kwamba diwani ni mwizi, akaeleza jinsi mtaro ulivyoishia njiani. Wafuasi wa diwani wakaja juu, atolewe! Mume wangu akakataa. Wifi akapandwa na hasira, akaandika kwamba hata mke wa mwalimu alikufa kwa kuchoshwa na domo lake.

Halafu mmoja akaandika, "Haya kinyozi, tuone."

Nilimsihi mume wangu. "Futa hayo maneno, mpigie umkaripie, yaishe. Huyu ni mama yako."

"Nikimwacha huyu," akasema, "basi wale wengine wote niliwaonea."

Akavua koti la kazi, akaenda. Nikamfuata, ningekaaje?

Tulimkuta dukani anakata kitambaa. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona mmekuja wawili, kuna msiba?"

Akamweleza. Wifi akaweka mkasi chini. "Mwalimu kamwita diwani mwizi, yumo. Mimi ndiye unanitoa?"

"Diwani yuko hai, dada, atajibu mwenyewe. Marehemu atajibu nini?"

"Bonyeza basi. Ila ukibonyeza, kwako sikanyagi tena."

Mume wangu akatoa simu mfukoni. Akabonyeza. Jamani, niliumia mimi!

Zikapita wiki. Asubuhi moja mwalimu alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu kidevuni, nami nimepeleka chai. Wifi akaingia, akasimama mbele yake.

"Mwalimu, lile la marehemu nalifuta. Alikuwa mtu mwema, na halikuwa la kweli. Nisamehe."

Machozi yakamlengalenga mwalimu. "Yameisha, mama."

"Ila diwani si mwizi."

"Ni mwizi."

"Tutakutana hukohuko kundini," wifi akasema, na mwalimu akacheka na povu lake.

Mume wangu akavuta stuli. "Dada, kaa unywe chai."

Wifi akampita kama anapita ukuta, akatoka.

Mume wangu alimrudisha kundini saa ileile. Humo wifi anabishana na mwalimu kutwa, na watu wanasema kinyozi ni mtu wa haki, tena wanamsifu mbele yangu. Kwetu dada mtu hajakanyaga, simu zetu hapokei. Mteja akiondoka, mume wangu hukaa kwenye kile kiti chake, akasoma kila alichoandika dada yake, hata yale ya mtaro na diwani, mara mbili mbili, maana ndiko pekee anakomsikia.